Mgonjwa akishika kamera: jibu kwa muuguzi anayetaka kutafiti kwa picha

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nipo Tanga, nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu watu wenye kisukari wanaouguza vidonda vya miguu nyumbani. Nataka wapige picha za maisha yao kwa simu, kisha nikae na kila mmoja tuzungumze juu ya picha zake. Msimamizi wangu amelipenda wazo, lakini mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza: “Picha ni data ya namna gani? Na siri za watu utazilinda vipi?” Nikabaki nimeduwaa. Naomba unieleze njia hii inafanyikaje, nitachambuaje, na je, nikiiita fotovoisi nitakuwa sahihi?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo la jina ndilo huwanasa wengi siku ya kutetea tasnifu. Kwa ulivyoeleza, hufanyi fotovoisi, ile njia ya kikundi kupiga picha na kuzijadili ili kuleta mabadiliko. Unafanya usaili kwa picha, yaani mahojiano yanayoongozwa na picha, na wala hakuna aibu katika hilo.

Fotovoisi ina wenyewe. Caroline Wang na Mary Ann Burris waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Yunnan, kusini magharibi mwa China, ndani ya mradi wa afya ya uzazi uliofadhiliwa na Ford Foundation. Wanawake 62 wa vijijini walipewa kamera wakafundishwa kuzitumia. Katika makala ya 1994 njia hiyo ilikuwa bado na jina jingine; makala yao ya 1997 ndiyo iliyoimarisha jina tunalolijua. Kuna picha moja ya mradi ule inayosimuliwa hadi leo: mwanamke anapalilia mahindi, mtoto wake mchanga amelazwa peke yake pembeni mwa shamba. Picha hiyo iliwasha mjadala mkubwa miongoni mwa kina mama, kwa sababu wote walikuwa wameyaishi hayo. Picha zikafika mbele ya viongozi, na baadhi ya matunda ya mradi yakawa huduma za kulea watoto wakati mama yuko shambani, na mafunzo ya ukunga.

Hapo pana kazi tatu. Watu wanapiga picha, wanazijadili pamoja kama kikundi, kisha wanazifikisha kwa mwenye uwezo wa kubadili jambo. Wewe unayo ya kwanza tu. Ukiandika fotovoisi kwenye jalada, mtahini atakuuliza kikundi kilikaa lini na picha alionyeshwa nani. Kama unaitaka kweli, ongeza vikao viwili vya pamoja na siku moja ya kuwaonyesha picha mganga mkuu wa wilaya na watu wa kliniki ya kisukari. Kwa muda wa uzamili, mimi ningekushauri uiache. (Burris, kwa taarifa yako, baadaye alifanya makazi Kenya na kuanzisha shirika la utamaduni na afya Nairobi. Mambo haya hayako mbali nasi kama majina yanavyosikika.)

Usaili kwa picha ni mkongwe zaidi. John Collier aliandika habari zake mwaka 1957. Alikuwa mpiga picha katika kikosi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliokuwa wakichunguza afya ya akili ya jamii fulani mashariki mwa Kanada. Watafiti wenyewe hawakukubaliana hata nyumba ipi iitwe nzuri na ipi iitwe mbovu, ndipo wakageukia picha. Kisha wakajaribu kufanya mahojiano kwa njia mbili, penye picha na pasipo picha. Penye picha watu walizungumza kwa muda mrefu bila kuchoka, na majibu yao yalishika vitu mahususi badala ya kuelea. Ila picha zile alizipiga Collier. Kumpa msailiwa kamera ashike mwenyewe ni hatua iliyokuja baadaye, na ndiyo unayoitaka wewe.

Sasa mjumbe wa jopo. Swali lake ni zuri, usimkasirikie.

Nikupe kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi na watu wanaouguza wenza waliopata kiharusi. Mzee mmoja alileta picha tisa, na mojawapo ilikuwa ya kizingiti cha mlango wa mbele. Hakuna mtu, hakuna kitanda, hakuna dawa. Saruji iliyolika katikati, na nusu ya jozi ya ndala. Mimi kwa uuguzi wangu nikaandika pembeni ya daftari: “Kizuizi kwa kiti cha magurudumu.” Nilijiona mjanja. Nilipomuuliza, alikaa kimya kidogo kisha akasema kwamba zamani majirani walikuwa wakipiga hodi na kupita hadi uani. Tangu mkewe aanguke, wanaishia pale. Wanasimama juu ya kizingiti, wanauliza hali, wanaacha embe au mkate, wanaondoka. “Hapo ndipo watu wanapoishia siku hizi,” akasema. Kiti cha magurudumu hawakuwa nacho na wala hakukitaja.

Basi ukiulizwa tena picha ni data ya namna gani, jibu kwamba peke yake ina machache ya kukuambia, na yanayobaki utayajaza wewe kwa mawazo yako mwenyewe, kama nilivyoyajaza mimi. Data yako ni mazungumzo yaliyozaliwa na picha ile: kwa nini aliipiga, kwa nini aliichagua kati ya nyingine, kuna nini nje ya ukingo wake. Picha inampa mgonjwa nafasi ya kuingia kwenye mahojiano akiwa na ajenda yake mkononi. Kwenye usaili wa kawaida wewe ndiye mwenye mwongozo wa maswali. Hutakaa uulize kuhusu kizingiti, kwa sababu hujui kama kipo.

Tuje kwenye utendaji. Watu wanane hadi kumi na wawili wanakutosha. Wape wiki moja mpaka mbili. Zikizidi, wanasahau, zikipungua, unapata picha zote za siku moja. Waambie wapige watakavyo, kisha kila mmoja achague sita au saba za kuzungumzia. Piga hesabu kabla ya kuahidi zaidi: watu kumi kwa picha sita ni picha 60, na saa moja ya kinasa sauti hukulia saa tano au sita za kunukuu, yaani kuyaandika yaliyosemwa neno kwa neno, pengine zaidi kama jogoo na redio ya jirani vimo ndani.

Simu: wengi wa wagonjwa wako ni watu wazima, na usishangae nusu yao wakiwa na vitochi. Nunua au azima simu janja tatu nne za bei nafuu, zisizo na laini, uzizungushe. Zima huduma ya mahali kabla hujazigawa, maana picha ya simu hubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa, na mtu anaweza kufuata alama hiyo hadi mlangoni. Usikubali picha zitumwe WhatsApp. Mjukuu atazisambaza kabla hujazipokea, tena bila nia mbaya. Afadhali upande daladala uende ukazichukue mwenyewe.

Kikao cha kwanza usikifanye darasa la upigaji picha. Mwonyeshe kubonyeza, mwonyeshe jua liwe nyuma yake, inatosha. Ukimfundisha sana atakupigia picha za kalenda. Sentensi ya kumpa ndiyo ya kuipima mara kumi. Ukisema “piga picha za changamoto za kidonda chako”, umeshamjibia, atakuletea kidonda tu. Mimi ningesema hivi: “Nionyeshe siku yako ilivyo tangu mguu huu uanze.” Kisha nyamaza. Atakuuliza kama picha ya jiko inafaa, na ya shamba, na ya mbuzi. Mwambie inafaa.

Wenzako watakupa yale maswali matano ya fotovoisi yanayoenda kwa mpangilio: unaona nini hapa, hasa kinachotokea ni nini, kinahusianaje na maisha yetu, kwa nini hali hii ipo, tufanye nini. Kwenye kikundi cha wanaharakati yanafanya kazi. Kwa bibi wa miaka 65 aliyekaa mkekani mguu umenyooshwa, swali la “kwa nini hali hii ipo” linamweka kizimbani. Atadhani unamuuliza kwa nini hakufuata masharti ya chakula. Weka simu katikati yenu na useme, “Nieleze hii.” Kisha ngoja. Mengine yatakuja.

Kuna swali moja ambalo nakuomba uliandike kwa wino mwekundu kwenye mwongozo wako: Ni picha gani ulitaka kuipiga, ukaacha? Kwangu mimi ndilo swali zito kuliko yote katika njia hii. Watu hawapigi picha harufu. Hawapigi picha kitanda walichohamishiwa kwa sababu mwenza hawezi kulala karibu na kidonda. Hawapigi picha kikombe cha chai chenye sukari. Mama mmoja aliniambia alitaka kupiga picha sahani ya wali wa arusi, akaona haya kwa sababu mimi ni nesi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba zile picha zake zote za mchicha na matango nilipigiwa mimi.

Hilo ndilo litakalokusumbua zaidi, dada, kuliko kamera. Wewe ni muuguzi na wao ni wagonjwa, na baadhi yao huenda wamekuona kliniki umevaa nguo za kazi. Watakuletea bandeji nyeupe pe, vidonge vimepangwa mezani, viatu vya kufunika vidole ambavyo hujawahi kuwaona navyo. Usizitupe picha hizo kwa kuziona za uongo. Zinakuambia mgonjwa anaamini muuguzi anataka kuona nini, na hiyo nayo ni sura nzima ya tasnifu. Ila usiwatafute washiriki kwenye kliniki unayofanyia kazi, na nenda kwao na nguo za nyumbani.

Halafu fikiria jambo ambalo mtafiti wa sosholojia hana haja ya kulifikiria. Ni Jumamosi, umefika kuchukua simu, unaperuzi picha, unaona kidole gumba cheusi na wekundu umepanda juu ya kifundo. Mwenyewe ametulia, hasikii maumivu. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba kisukari kikishaharibu neva, mtu anaweza kukanyaga kaa la moto asijue. Je, hiyo ni data? Kabla ya yote, huyo ni mgonjwa anayehitaji hospitali leo. Uuguzi wako haulali kwa sababu umeshika daftari la utafiti. Liandike hili kwenye andiko lako waziwazi: ukiona dalili za hatari utamwambia, utampa rufaa, utamfuata kujua kama amefika, na mshiriki alijulishwa hivyo tangu siku ya ridhaa. Kamati ya maadili itakuheshimu kwa aya hiyo moja kuliko kwa kurasa tano za nadharia. Ndiyo maana vilevile picha usizikusanye mwishoni tu. Pita katikati ya wiki uzitazame.

Siri. Ridhaa yako ni ya ngazi tatu, na usizibane kwenye saini moja. Ya kwanza ni ya kushiriki. Ya pili ni ya kila mtu anayeonekana kwenye picha, na hapa mpiga picha ni mgonjwa wako, si wewe, kwa hiyo yeye ndiye atakayeomba. Mfanyie mazoezi namna ya kuomba. Kwetu pwani picha haitangulii hodi. Mama hapigwi akiwa ndani bila mtandio, mtoto ambaye hajatimiza arobaini wengi hawataki apigwe kabisa, na kuna watu watakaokataa kwa kuogopa kijicho bila kukwambia sababu. Njia rahisi ni kuwashauri wapige vitu na mahali, na mikono au migongo pale mtu anapohitajika. Wasipige karibu na kambi za jeshi na vituo vya polisi. Ndani ya hospitali wasipige kabisa, isipokuwa una kibali cha uongozi wa hospitali hiyo kwa maandishi.

Ya tatu ni ya matumizi, nayo iombwe mwishoni, baada ya mtu kuziona picha zake zote. Mwanzoni hajui atapiga nini, atakubalije? Pitia naye moja moja: hii niitazame mimi tu, hii iingie kwenye tasnifu, hii inaweza kuonyeshwa mkutanoni, hii ifutwe. Akisema ifutwe, ifute mbele yake.

Kuziba macho kwa mstari mweusi hakumfichi mtu. Mtaani watu humtambua jirani kwa mlango wake, kwa kanga yake, kwa kile kibao cha duka kilichoangukia kwenye kona ya picha. Katika kazi nyingine niliyoshiriki, wauguzi walipiga picha za zamu ya usiku. Picha moja ya toroli la dawa ilikuwa safi kabisa, tukaipitisha watu watatu. Ilipokuzwa kwenye ukuta wakati wa kikao, nyuma ya toroli ulionekana ubao wa wodi, na majina ya wagonjwa yanasomeka pamoja na magonjwa yao. Tulizima mashine haraka, lakini chumba kilikuwa kimeshasoma. Tangu siku hiyo kila picha naikuza nikianzia kona, katikati naimalizia.

Na mkumbushe mjumbe wako kwamba hili sasa lina sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Picha ya mguu yenye sura ya mtu ni taarifa ya afya. Kwa hiyo picha zikae kwenye kifaa chenye nywila, majina kwenye faili jingine, na tarehe ya kuzifuta iandikwe.

Uchambuzi hautakuumiza kichwa kama unavyohofia. Kwa kila picha tengeneza ukurasa mmoja: namba, jina alilolipa mwenyewe kwa maneno yake, alichosema, unachokiona wewe, na ambacho hakukipiga. Anza na maneno yake. Ulichokiona wewe kije baadaye, la sivyo kiti cha magurudumu kitakutokea kwenye kila kizingiti. Kisha weka misimbo, yaani lebo fupi juu ya maneno yao, na utafute dhamira, yaani maana zinazojirudia, kwa njia ya watafiti Braun na Clarke ya 2006 ikiwa ndiyo iliyo kwenye andiko lako. Mwishoni tandaza picha zote sakafuni, za watu wote, uzipange na kuzipangua kwa mikono. Kuna uhusiano ambao macho huuona kabla ya karatasi: utashtuka kuona watu sita kati ya kumi wamepiga picha beseni.

Weka misimbo kwa Kiswahili. Nasisitiza hili kwa sababu vyuo vyetu huwataka watu watafsiri kwanza kisha wachambue, na hapo utamu wote humwagika. Mgonjwa atakuambia mguu “umekufa ganzi”. Kwa Kiingereza utabaki na ganzi, kifo kitakuwa kimetoka, na yeye pengine hicho ndicho anachokihofia, kwamba kiungo chake kimetangulia. Atasema anaogopa “kukatwa mguu”, na mguu kwetu huanzia kwenye paja na kuishia kwenye kidole. Je, anaongelea kidole kimoja au chini ya goti? Hapa picha inakusaidia kweli: mwombe akuonyeshe kwa kidole juu ya picha, ni wapi. Sikiliza pia neno “kuuguza”. Wengine watasema wanauguza kidonda kama vile ni mtoto mgonjwa waliyemlaza ndani, wakakiamkia usiku na kukipunguzia chakula. Dhamira kama hiyo hupotea ikipita kwenye tafsiri.

Umeuliza pia, ukingoni mwa barua yako, kama uwalipe washiriki. Rudisha nauli na muda wao kwa kiasi ambacho kamati imekipitisha, basi. Simu usiahidi kuwaachia, kwa sababu mtu atavumilia mengi apate simu. Ila picha zao ni zao. Tenga fedha kidogo uzisafishe studio, seti moja kwa kila mtu, ndani ya bahasha, umpelekee mwenyewe mkononi. Na ujiandae kusubiri kidogo mlangoni, maana ataanza kuzipitia tena mbele yako, na mara nyingi atakuambia jambo ambalo hakulisema kinasa sauti kilipokuwa kimewashwa. Beba fomu ya nyongeza ya ridhaa, ili ukitaka kulitumia umwombe palepale.